Maswali ya wafugaji: madoa meupe, tena

Barua za safari hii karibu zote zinalia na jambo moja: vidoa vyeupe, kama punje za chumvi, kwenye ngozi na mapezi ya samaki wa baharini. Walioandika "samaki wangu wanakufa, nifanyeje?" bila kutaja ni samaki gani, bwawa au tangi, na maji yana chumvi kiasi gani, wasinisubiri.

Tasi wangu walitoka madoa, baada ya siku nne yakaondoka yenyewe. Wiki iliyofuata wakafa kwa wingi. Nimefanyiwa husuda? (Chwaka)

Hapana. Madoa hayakupona, yalishuka. Kimelea huyu, *Cryptocaryon irritans*, hukaa ndani ya ngozi ya samaki siku tatu hadi saba akila, kisha hujidondosha, aghalabu gizani, akaganda kwenye mchanga, ukuta wa tangi au wavu na kujifunga ndani ya kifuko. Humo hujigawa. Kifuko kimoja huweza kutoa watoto mia mbili na zaidi, nao wasipompata samaki ndani ya siku moja au mbili hufa. Kwako hawakuwa na haja ya kutafuta mbali. Tena vifuko havipasuki kwa pamoja: vingine hukawia mwezi na zaidi, ndiyo maana dawa ya siku tatu ni pesa iliyotupwa. Halafu acheni kutazama mgongo tu. Wanaoua zaidi ni vimelea walioingia kwenye matamvua, pale samaki anapopumulia. Samaki anayehema mbio na kung'ang'ania penye maji yanayoingia, mfunue tamvua umtazame.

Nitie chumvi? (Bumbwini)

Bahari ina chumvi sehemu 35 kwa elfu na mdudu kazaliwa humo. Hiyo ni dawa ya samaki wa maji baridi, ambao madoa yao ni ya kimelea mwingine. Mara ngapi tulijibu hili?

Basi niwachovye maji ya kisima dakika tano? (huyo huyo wa Bumbwini)

Yuko ndani ya ngozi, dakika tano hazimfikii. Kinachosaidia ni kushusha chumvi ya tangi zima, polepole na kwa kupima, hadi sehemu 15 kwa elfu au chini kidogo, na kuiweka hapo wiki tatu kwa uchache. Si kila samaki anastahimili, kwa hiyo anza na wachache.

Jirani kanipa mrututu nimwage bwawani. Kiasi gani? (Wete)

Usimwage hata chembe. Bwawa lililochimbwa mikokoni lina kaa, kamba na konokono, na shaba iliyomo kwenye mrututu huwaua hao. Bamvua likija, yaani bahari ikijaa na kutoka sana, maji yako yanatoka kwenda kwa mwenzio anayefuga majongoo ya bahari. Hata kwenye tangi si mchezo: shaba inayotakiwa ni miligramu 0.15 hadi 0.2 kwa lita. Ikizidi samaki anakufa, ikipungua mdudu hana habari. Robo tu ya uzito wa mrututu ndiyo shaba, kwa hivyo tangi la lita 1,000 halifiki hata gramu moja ya mrututu, na nyinyi mnapima kwa kijiko! Tangi likiwa na mawe ya matumbawe, shaba hunyonywa, kipimo cha asubuhi kikawa si cha jioni. Asiye na kipima shaba asinunue mrututu, na wauzaji wakinuna na wanune.

Asiye na vipimo ana njia bora, tena haina dawa. Weka matangi mawili. Kila baada ya siku tatu hamisha samaki kwenye tangi safi, lile la nyuma lioshe na likauke kabisa juani. Fanya hivyo mara nne. Wadudu wanaodondoka wanabaki nyuma na vifuko vyao.

Kamba wangu wana madoa meupe kwenye gamba. Dawa ni hiyo hiyo? (Makoba)

Si ugonjwa huo. Ule wa kamba ni wa virusi, hauna dawa. Usihamishe hata mmoja, waite maofisa wa uvuvi.

Mbona kaskazi ikiingia ndipo yanazidi? (Mkoani)

Maji ya moto humharakisha mdudu. Na bwawa linalojazwa kwa bamvua, maji mafu yakifika, bahari isipojaa sana, halibadilishwi maji siku kadhaa, watoto wake wakabaki humo na samaki wale wale. Lakini hebu niambie: vifaranga ulivyookota horini uliviweka wapi siku ya kwanza? Bwawani, pamoja na wenzao, kwa ndoo na wavu wa jirani. Wageni wakae peke yao wiki nne, wawe na wavu wao na ndoo yao. Nimeandika haya mpaka wino umeniishia, na bado watu wananiuliza habari za dawa.

Kizimba changu maji yakitoka kinakaribia kugusa chini. Kuna ubaya? (Micheweni)

Upo. Umemweka samaki kitanda kimoja na vifuko. Kisogeze penye kina na mkondo, na wavu uliofunga uchafu ubadilishe.

Wenye madoa wanalika? (Chake Chake)

Wanalika, mdudu huyu hamuingii mtu. Waliotiwa shaba usiwapeleke mnadani, wala yule uliyemkuta ameelea alfajiri. Huyo hata paka wako mwonee huruma.