Biskuti Zangu za Karanga Zinatambaa, Nakosea Wapi?

SWALI: Anti shikamoo. Nina watoto wawili, wa miaka 4 na 7, kila siku wanataka biskuti za kubeba shule na za dukani nimezichoka, sukari tupu. Nyumbani huwa napika za kawaida, unga wa ngano vikombe 2, sukari kikombe 1, siagi robo kilo na yai 1. Juzi nikasema ngoja niziongezee protini, nikatoa ngano yote nikaweka karanga za kusaga, sukari nikaweka asali, siagi ileile robo. Anti, zimetambaa trei nzima zikawa kama chapati moja, pembeni zimeungua katikati mbichi, ukishika zinamomonyoka na mkono unabaki mafuta matupu. Nakosea wapi?
Mama wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na usikate tamaa kabisa maana wazo lako ni zuri sana, tatizo umebadilisha vitu viwili kwa mpigo na siagi ukaiacha ileile. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, sasa umeongezea na siagi robo nzima, hapo lazima zitambae tu. Halafu ngano ndo yenye ule mnato wa kushikilia donge, ukiitoa yote hakuna kinachoshika. Na asali ina maji na inawahi kuungua kuliko sukari, ndo maana pembeni zimekuwa nyeusi (na asali nayo ni sukari mama, usije ukadhani umeikwepa).

Fanya hivi. Ngano ibaki kikombe 1 na robo, weka robo tatu kikombe ya unga wa dengu, ule wa kupikia bajia, na nusu kikombe ya karanga za kukaanga ulizozitwanga zikabaki chengachenga, usisage mpaka zikatoa mafuta. Siagi punguza iwe nusu ya ile robo, mayai yawe 2, sukari nusu kikombe, na tende 6 zilizolowekwa maji ya moto ukazitoa kokwa na kuziponda. Hiliki kidogo. Ukiona donge limekuwa laini sana ongeza ngano kijiko kimojakimoja.

Ila huo unga wa dengu usiuweke mbichi, nakuomba sana, utaharibu kila kitu na watoto watakataa siku ya kwanza tu. Uweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, koroga bila kuacha kama dakika 5 hadi 7, mwanzo unanukia maharage mabichi, endelea tu, ghafla harufu inageuka inakuwa kama karanga zinazokaangwa na rangi inakolea kidogo, hapo epua haraka umwage kwenye sahani upoe. Donge lako nalo lipumzike nusu saa sehemu ya baridi, kisha oka biskuti moja kwanza uone inavyokaa. Kama unatumia jiko la mkaa, makaa mengi yawe juu ya mfuniko na chini machache. Zikitoka zitakuwa laini, usiziguse dakika 10, zinakaza zikipoa.

Kwa vipimo hivi zikitoka kama 24, protini inakuwa karibu mara mbili ya zile za zamani, yaani biskuti 2 au 3 ndo zinakaribia yai moja. Kwa hiyo yai la asubuhi na maharage ya mchana viendelee kama kawaida.

Karanga zichambue moja moja, yenye ukungu, iliyosinyaa au chungu tupa, maana sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kukaanga wala kuoka. Na kwa vile zinaenda shule mwambie mwalimu kuwa zina karanga, watoto wanagawiana sana na kuna mwenye aleji anaweza kupata shida kubwa kwa kipande kidogo tu. Ukizipika bado zikatambaa niandikie tena, uniambie na kikombe unachopimia ni cha ukubwa gani.