Kabla hujatoa alama za kikundi, mtafute aliyeshika bango

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana aliniandikia. Darasa lake limemaliza riwaya teule, vikundi vinajiandaa kuwasilisha, na tayari wanafunzi 3 wamemfuata pembeni kumweleza kwamba kuna wenzao wanaobebwa. "Mwalimu, nitoe alama kwa kikundi au kwa mtu mmoja mmoja?" Swali fupi tu, lakini lilininyima usingizi, maana jibu lake nililipata kwa kumuumiza mtoto wa watu.

Ulikuwa mwaka wangu wa 4 kuifundisha riwaya ileile, nikijiona nimeimaliza. Niligawa darasa katika vikundi vya watu 8, nikawapa wiki 2. Siku ya kuwasilisha, kikundi kimoja kiliongozwa na kijana mwenye sauti ya mtangazaji. Alitembea huku na huku, akauliza maswali ya balagha, akataja dhamira 5 bila kutazama karatasi. Darasa likampigia makofi. Nyuma yake alisimama msichana mmoja, ameshika pembe ya bango, mkono juu, dakika 12 nzima. Alipochoka alibadilisha mkono. Hakufungua kinywa.

Kikundi nilikipa 18 kati ya 20. Kwenye karatasi ya msichana yule nikaongeza kwa wino mwekundu: "Shiriki zaidi. Usiwategemee wenzako."

Siku chache baadaye nilikusanya madaftari kukagua zoezi la sarufi. Daftari lake alikuwa amelianza pia upande wa nyuma, na huko ndiko alikoiandikia riwaya. Kurasa 31. Kila hoja ina namba ya ukurasa pembeni. Dhamira zote 5 za yule kijana zilikuwamo, kwa mpangilio uleule, hadi kosa la tahajia nililoliona kwenye bango. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo bangoni halikufika. Alikuwa ameorodhesha kila mahali ambapo mama wa mhusika mkuu anamwita mwanawe. Hadi sura ya 6 anamwita kwa jina. Baada ya hapo jina halitoki tena kinywani mwake; ni "wewe", au "mtoto wa baba yako". Chini ya orodha ameandika kwa penseli: "Hajafa, lakini ni kama mama ameshamzika."

Miaka 4 yote mimi sikuwahi kuliona hilo.

Nilimwita nikamuuliza kwa nini hakulisema. "Wenzangu walisema hilo haliulizwi kwenye mtihani, mwalimu." Nikamwomba radhi. Alama zilikuwa zimeshapelekwa, na nilipoomba zirekebishwe niliambiwa kazi ya kikundi ni ya kikundi. Jambo hilo bado linanikera hadi leo. Aliondoka pale na maneno yangu mekundu kwenye karatasi yake, na yule aliyesoma daftari la mwenzake akaondoka na sifa.

Baadaye ndipo nikajua kwamba jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1913 Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha majaribio yake ya watu waliovuta kwa pamoja: kadiri walivyoongezeka, nguvu ya kila mmoja ilipungua, na walipofika 8 kila mtu alitoa takriban nusu ya ile aliyoweza kuitoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kutovuta kwa wakati mmoja. Sehemu nyingine ni kutegea. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Bibb Latané na wenzake waliliona hilo hata kwa watu waliotakiwa kupiga makofi na kelele tu. Wakaja pia kuonyesha kwamba mtu akijua mchango wake unapimwa peke yake, kutegea kunapungua. Nami nilikuwa nimepanga vikundi vya watu 8 na alama moja!

Kwa hiyo muhula uliofuata nilibadilisha. Kwanza nilikosea tena. Niliwaambia wapeane alama wao kwa wao. Marafiki wakapeana 10 kwa 10, na asiyependwa akaadhibiwa. Nikaliacha. Kisha nikasoma kuhusu mbinu ambayo mwanasaikolojia Elliot Aronson aliianzisha Austin, Texas, mwaka 1971, ambapo kila mwanafunzi hupewa kipande cha somo ambacho wenzake hawana, hivyo wanalazimika kusikilizana. Nikagawa sura: wewe ya 1 hadi ya 3, wewe ya 4 hadi ya 6. Matokeo yake kila mtu alisoma sura zake akafunga kitabu. Riwaya haikatwi hivyo. Aliyesoma sura ya 7 peke yake atajuaje kwamba mama ameacha kutaja jina?

Sasa ninagawa jicho la kusomea, na kitabu wanakisoma chote. Mmoja anamfuata mhusika fulani mwanzo hadi mwisho, mwingine anaifuata lugha, mwingine anatazama jinsi wakati unavyorudishwa nyuma na kupelekwa mbele. Vikundi ni vya watu 4. Asubuhi ya kuwasilisha wanapiga kura ya bahati nasibu kujua nani aseme sehemu gani, kwa hiyo hakuna anayeweza kuijua sehemu yake tu. Katika alama 20, kikundi kinapata 8, na 12 ni za mtu binafsi: daftari lake, swali moja ninalomuuliza huku kitabu kikiwa wazi mbele yake, na nusu ukurasa anaoandika peke yake baada ya kuwasilisha. Humo anajibu: ni wazo gani katika kazi yenu ambalo wewe usingelifikia, na nani alilileta? Hilo linafanya kazi kuliko alama zote walizowahi kupeana. Majina yanajitokeza. Na jina lisilotajwa na yeyote nalo linakueleza kitu, ingawa usilihukumu kabla hujakaa na mwenyewe.

Mwalimu mwenzangu, soma madaftari kabla ya siku ya kuwasilisha, si baada. Sauti nzuri ipe alama zake, inastahili, lakini usiilipe mara mbili. Mtoto mkimya si mtegeaji. Wapo watoto ambao darasa zima linakula jasho lao, na sisi ndio tunaosaini kwamba hawakushiriki. Tukifundisha riwaya, kazi yetu ni kumtafuta aliyesoma. Msifu msemaji, lakini muulize: hili umelitoa ukurasa gani? Uliza hivyo kwa upole, kwa kila mtu, na uliza kila mara hadi wazoee.

Muhula huu kura ilimwangukia mvulana ambaye hajawahi kusimama mbele ya wenzake. Alitetemeka, karatasi ikawa inasikika mkononi. Mwenzake akataka kumpokea, nikamzuia kwa mkono. Akakifungua kitabu, akasoma mistari miwili, akasema, "Hapa ndipo anapoanza kudanganya, na ni kwa sababu ya aibu." Kisha akakaa. Nikageuza kurasa za nakala yangu hadi pale alipopasoma, nikapiga mstari kwa penseli.