Maswali ya Wasomaji: Fundi Asiyesomea Sanaa na Vyuma Chakavu vya Barabarani

SWALI: Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea hapa Mlandizi. Tangu apunguze kazi za mageti na madirisha, amekuwa akiunganisha springi za magari, minyororo ya pikipiki na mapangaboi mabovu hadi vinakuwa ndege, punda na watu, kisha anavisimika kando ya barabara. Majirani wanasema hiyo si sanaa, kwa kuwa hakusomea popote. Je, yupo mtu wa aina yake ambaye kazi yake ilithaminiwa?
Msomaji, Mlandizi, Pwani

JIBU: Yupo, ndugu msomaji, na ningependa mjomba wako amfahamu. Anaitwa Vollis Simpson, aliyezaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha Lucama, jimbo la North Carolina nchini Marekani. Hakusomea sanaa. Alikuwa fundi wa kutengeneza mashine za mashambani, na pia alifanya kazi ya kuhamisha nyumba nzimanzima kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, akijiundia mwenyewe vifaa vya kuzinyanyulia na kuzikokotea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiwa mwanajeshi katika kisiwa cha Saipan, alichukua vipande vya ndege ya kivita iliyoharibika, aina ya B-29, akaunda kinu cha upepo cha kuendeshea mashine ya kufulia nguo. Miaka ilipita bila yeye kujiita msanii, na wala hakuna aliyemwita hivyo.

Alipokaribia miaka 65 na kuanza kustaafu, karakana yake ilikuwa imejaa vyuma vilivyobaki kutokana na kazi za maisha yake yote. Akaanza kuvigeuza kuwa vititia vikubwa vinavyozungushwa na upepo, akavisimika katika malisho yaliyokuwa karibu na karakana hiyo, mahali ambapo kila aliyepita njia aliviona. Baadhi vilizidi urefu wa mita 15. Alitumia mapanga ya feni, magurudumu ya baiskeli, mabomba ya majiko, mabati ya alumini, beringi na chochote kingine kilichokuwa karibu naye.

Hebu tukitazame kititia kimoja kwa ukaribu. Juu ya nguzo ya chuma kuna mtambo mzima uliokalia beringi, wenye mkia mpana nyuma ambao hupokea upepo na kuugeuza mtambo wote uelekee unakotoka upepo huo. Panga kubwa la mbele linapozunguka, mhimili wake huzungusha mikono midogo ya chuma, na mikono hiyo ndiyo inayomfanya mtu wa bati apige gitaa, akate gogo kwa msumeno au akanyage pedeli za baiskeli. Mwili mzima wa mtambo umebandikwa vipande vidogo vinavyoakisi mwanga, alivyovikata kutoka kwenye vibao vya alama za barabarani vilivyochakaa. Usiku gari lilipokata kona, taa zake ziliviwasha vyote kwa pamoja, na kwa sababu hiyo vijana wa eneo lile walikuwa wakienda huko kwa makundi na kuzitungia sehemu zile hadithi za kutisha zisizo na ukweli wowote.

Kuhusu majirani wenu, nadhani wamekosea katika jambo moja la msingi: Simpson hakukosa elimu. Mtambo wa chuma wenye uzito mkubwa, unaotakiwa kugeuka juu ya nguzo kwa upepo mdogo tu na kutoanguka katika dhoruba, ni swali la mizani, na aliyelijibu ni mtu ambaye kwa miaka mingi alijua uzito wa nyumba umekalia wapi kabla hajainyanyua. Uzuri wa kazi yake ulitokana na ufundi huo huo. Mjomba wako naye ameshika springi na minyororo tangu ujana wake, na macho yanayoona shingo ya ndege ndani ya springi iliyokatika hayapatikani kwa mtu aliyekutana na chuma jana.

Kuthaminiwa kulikuja, ingawa kwa kuchelewa. Vititia vyake vinne viliwekwa Atlanta wakati wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1996, kingine kikubwa kiko nje ya jumba la makumbusho la American Visionary Art Museum mjini Baltimore, na mwaka 2013 jimbo la North Carolina lilivitangaza vititia hivyo kuwa sanaa yake rasmi ya jadi. Mwenyewe alifariki mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 94.

SWALI: Chuma cha nje huliwa na kutu. Kazi kama hizo hudumu vipi mwenyewe anapozeeka?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hazidumu zenyewe, na hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili. Simpson alikuwa akipanda juu mwenyewe kutia grisi na kupaka rangi. Umri ulipomzuia kupanda, beringi zilikwama, rangi ikababuka, na vititia vilivyokuwa vikiimba kwa upepo vikasimama kimya. Akiwa bado hai, watu wa mji jirani wa Wilson walianza kuvishusha kimoja baada ya kingine, wakavifungua, wakabadilisha beringi na kuvipaka rangi upya. Mwaka 2017 ilifunguliwa bustani yenye jina lake katikati ya mji huo, penye vititia 30, mahali ambapo zamani palitegemea maghala ya tumbaku.

Kwa fundi wa kwetu, kazi huanza kabla ya kuchomelea: kutu ikwanguliwe hadi chuma king'ae, kisha baada ya kuchomelea kipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo ifuate rangi ya juu. Aache pia tundu dogo chini ya kila sehemu yenye uwazi ndani ili maji ya mvua yatoke, kwa sababu kutu mbaya zaidi ni ile inayoanzia ndani isikoonekana. Vilevile apige picha na kuandika kila sanamu imetengenezwa kwa vyuma gani, ili kijana atakayeitengeneza baadaye asibahatishe.

SWALI: Je, kuzisimika sanamu hizi kando ya barabara kuna tatizo lolote?
Msomaji, Chalinze

JIBU: Lipo. Malisho ya Simpson yalikuwa mali yake. Kwa Tanzania, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kilichosimikwa ndani ya eneo hilo kinaweza kuwekewa alama ya X na kuondolewa bila fidia. Mjomba apime kwanza, kisha asogeze sanamu zake ndani ya kiwanja chake na kuziinua juu zaidi ili zionekane. Anaponunua skrepa adai risiti, na asiguse kamwe vibao vya barabarani wala vyuma vya reli, hata akiletewa na mtu anayedai ameviokota.