Namlilia rafiki ambaye sikuwahi kuonana naye

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto 2, naishi Kaloleni hapa Arusha, mchana nashona nguo na usiku watoto wakilala naandika hadithi. Miaka 5 sasa niko kwenye grupu la WhatsApp la watu 14 tunaoandika, kila Jumamosi mtu anatuma sura yake wengine tunasoma tunamwambia palipopwaya. Humo ndo nilimpata dada mmoja wa Kibosho, mwalimu mstaafu, kanizidi umri sana. Nikikaa wiki mbili kimya ananitumia voisi, "mdogo wangu, yule binti uliyemuacha kisimani bado ana ndoo kichwani, mtue basi", na nyuma unasikia kuku na mvua inapiga bati. Hatukuwahi kuonana, kila mwaka tunasema mvua zikikatika nitakuja, mvua zinakatika siendi.

Mwezi wa 4 mwanae akaandika kwenye grupu kwa simu ya mama yake kwamba mama amefariki na wameshamzika siku tatu zilizopita. Nililia mpaka nikashindwa kukalia cherehani, mume wangu akaniuliza unamlilia mtu wa kwenye simu? Hakusema kwa ubaya, hakuelewa tu. Sasa nina sura 11 za riwaya yake, ni habari za mama yake mzazi alivyokuwa binti anabeba kahawa kichwani kupeleka kuuza enzi KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ndo inaanza. Wenzangu wanataka tumalizie zilizobaki, tuchape, tuuze, tumuenzi. Mimi roho inasita. Na kwao natamani kwenda ila nitajitambulisha mimi nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Umefiwa, usione aibu kusema hivyo. Mtu aliyesoma kila ulichoandika kwa miaka 5, anayemkumbuka binti wa kisimani kuliko wewe uliyemtunga, huyo anakujua kuliko majirani wengi unaosalimiana nao kila asubuhi.

Sisi wa zamani tulikuwa na marafiki wa kalamu, unaandika barua unapeleka posta unasubiri mwezi mzima, na hakuna aliyetuuliza kama ni marafiki wa kweli. Mimi nilikuwa naye mmoja, alikuwa Tanga, tumeandikiana miaka 9, siku moja barua ikaja na mwandiko mwingine, ni dada yake ananiambia ameshafariki. Sikwenda. Nilijiuliza hilohilo unalojiuliza wewe, nitasema mimi nani, na mpaka leo nikipata mtu anayetoka Tanga roho inaniuma. Kwa hiyo nakuomba uende.

Utajitambulisha hivi, mimi ndo yule wa Arusha niliyekuwa naandika na mama. Basi. Msiba wa Kibosho haukaguliwi mlangoni, ukifika utapewa kiti na kitu cha kunywa, na huenda mwanae ameshasikia sauti yako kwenye voisi mara nyingi tu. Beba sukari, rambirambi kwenye bahasha kwa uwezo wako, na kanga ukiweza. Omba upelekwe kaburini, wengi kule wanazikwa kwenye kihamba chao, yaani shamba la ukoo, hapohapo kati ya migomba na kahawa, kwa hiyo utaona na ule uwanja uliokuwa unasikia kuku wake.

Sasa kuhusu riwaya, hapo roho yako imesita sawasawa. Msimalizie. KNCU ilianza mwaka 1933, waliobeba ile kahawa kichwani karibu wote wameshaondoka, dada yenu aliyapokea kwa mama yake mzazi, nyie mtakachoongeza ni kutunga wakati yeye alikuwa anasimulia alichosikia jikoni kwao, na msomaji hatajua yake inaishia wapi yenu inaanzia wapi. Halafu kuna sheria, kuuza kazi yake bila ruhusa ni kosa hata kama nia ni njema, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na haki hiyo sasa iko kwa warithi. Grupu sio mrithi. Familia ikikubali ichapwe, mzungumze na msimamizi wa mirathi na muandikishane, hata kama wote mnapendana.

Mkifika huko mimi ningechapa sura 11 hivyohivyo, hadithi ikatike pale alipoishia.

Kuna jambo la haraka kuliko yote haya. Ongea na yule kijana leo, mwambie simu ya mama isiuzwe wala isifomatiwe, inawezekana sura ya 12 imo humo, au daftari liko kabatini. Akaunti ya WhatsApp isipotumika siku 120 kwa kawaida inafutwa, na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika namba inaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Na wewe voisi zake zote zihamishie kwenye flashi, mbili kama unaweza, moja yako na moja ya kwao, maana wana picha zake za harusi na ubatizo lakini sauti ya mama akicheka kwa ajili ya hadithi sidhani kama wanayo.

Nenda na mumeo. Usimweleze sana, mchezeshee ile ya ndoo kwenye Coaster mkiwa njiani. Mkifika Boma Ng'ombe mpigie kijana, aje awapokee stendi ya Moshi muende wote Kibosho.