Upeleke vyungu gani Forodhani?

Shoga, umeuliza upeleke nini kwenye maonesho ya sanaa pale Forodhani, ufukweni Mji Mkongwe, Zanzibar. Vyungu vikubwa viache nyumbani. Mtalii anavishika, anavisifu, kisha anakumbuka begi lake la ndege. Beba vyetezo vidogo, na kimoja kiwashe hapo hapo: tia makaa na udi, watu watafuata harufu wenyewe. Mimi mwaka wa kwanza nilipanga juu ya meza upande wa baharini. Upepo ukavuta kitambaa, vyetezo vinne vikawa vigae! Sasa natandika mkeka chini. Magazeti ya kufungia chukua mengi, na chenji pia. Wenyeji huja jioni, ila hao hukigonga chungu kwa kidole wasikie kama kina ufa, tena watataka bei ya jirani.