Shangazi, mume wangu anataka kumlipa mtu asiyemjua awavushe watoto wetu

Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu ni Wakongo wa Bukavu, tunaishi Ipagala hapa Dodoma tangu 2022 na vibali tunavyo. Yeye ni fundi cherehani, mimi nasuka nywele. Watoto wetu, msichana wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9, tuliwaacha Kadutu kwa koko wao, mama yake mume wangu, tukisema tukishatulia tutawafuata. Kabla hatujatulia, waasi wa M23 wakaingia Bukavu, Februari 2025. Sasa mume wangu amepata mtu kwenye simu anayesema atawavusha kwa njia za panya kwa dola 900, nusu kwanza. Anataka kuuza cherehani mbili kati ya tatu. Nimekataa, naye ananiita mama asiye na uchungu. Koko anasema haachi nyumba yake. Mdogo wangu wa kike yuko Bukavu na yuko tayari kusaidia. Binti yangu nikimpigia anajibu "ndiyo" na "hapana", kisha anampa koko simu. Nifanye nini?
Mama wa Kadutu, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nianze na la haraka: hiyo nusu ya pesa isitumwe. Kama mume wako ameshaahidi, avunje ahadi.

Huyo mtu hamjawahi kumwona. Hamjui kwao wala anafanya kazi na nani. Akishapokea dola 450 hana cha kumfunga, na anaweza kupiga simu kutoka katikati ya safari akataka zaidi huku watoto wakiwa mikononi mwake. Hapo mtamkatalia vipi? Msichana wa miaka 14 kupelekwa usiku porini na mwanaume asiyemjua, katika eneo ambalo vikundi vyenye silaha vimekuwa vikichukua watoto kwa miaka mingi, hapana. Na hata wakifika salama, watakuwa wameingia Tanzania bila muhuri. Mtawaficha Ipagala, shuleni mtaulizwa karatasi, na vibali vyenu wenyewe vitakuwa hatarini.

Lakini mume wako usimgeuze adui. Mwanaume anayetaka kuuza cherehani zake ni baba aliyechoka kukaa bure. Kilichomshinda ni kungoja, na wewe pia kinakushinda, ila kila mmoja analia upande wake. Usimjibu neno la "uchungu" kwa neno kali zaidi. Kaa naye watu wakishaondoka dukani, umwambie kwamba cherehani hizo ndizo zitakazowalisha watoto wakifika, na kwamba unataka watoke Bukavu kama anavyotaka yeye. Kisha mpe kazi ya kufanya, kwa sababu kazi ipo.

Kwanza mwende wote wawili Uhamiaji, na vibali vyenu mkononi. Angalieni tarehe ya mwisho ya vibali hivyo kabla hamjatoka nyumbani. Kama inakaribia, hilo ndilo la kuanza nalo. Ulizeni utaratibu wa watoto kuingia kama wategemezi wenu. Makao makuu ya Uhamiaji na ya Wizara ya Mambo ya Ndani yako hapo hapo Dodoma, jambo ambalo mzazi aliyeko Mtwara angelipia nauli. Andikeni jina la kila afisa mnayeongea naye na alichowaambia. Pesa yoyote mtakayotakiwa kulipa, mpewe risiti yake.

Baada ya hapo mmoja wenu apande treni ya SGR aende ubalozi wa Kongo, Dar es Salaam, kuulizia hati za kusafiria za watoto. Msitegemee zitengenezwe Bukavu kirahisi, maana ofisi za serikali ya Kinshasa hazifanyi kazi kule kama zamani. Wakati huohuo mdogo wako apige picha vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi zao za shule, akutumie. Kama cheti hakipo, aanze kukitafuta leo.

Watu watakwambia njia fupi ni watoto waombe ukimbizi. Ni haki yao, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inampa anayeingia siku saba kujitokeza kwa viongozi, hata ofisa mtendaji wa kijiji. Lakini jueni mnachochagua. Mkimbizi hapa nchini anatakiwa kuishi kambini, na kutoka ni kwa kibali. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, imewapokea Wakongo tangu 1996 na imeokoa maisha mengi, siidharau. Ila ninyi mna nyumba na kazi Dodoma, na mnataka watoto walale chini ya paa lenu. Kwa hiyo jaribuni mlango wa utegemezi kwanza, na ule wa ukimbizi ubaki kwa siku ambayo hali ikiharibika hakuna la kusubiri.

Wengine watawaambia mtulie, amani imeshasainiwa: Kongo na Rwanda huko Washington Juni 2025, Kongo na M23 huko Doha mwezi uliofuata. Mapigano hayakukoma kwa saini hizo. Endeleeni kuandaa karatasi.

Kuhusu safari yenyewe, mdogo wako ndiye wa kuwasindikiza. Watoto wanamjua, na akiwashika mkono hawatalia njia nzima. Mwandikieni barua ya idhini yenye sahihi zenu wote wawili, na ubalozini muulize igongwe muhuri gani. Kutoka Bukavu wanavuka daraja la Ruzizi hadi Kamembe, upande wa Rwanda, wanapita msitu wa Nyungwe hadi Kigali, halafu Rusumo, mpakani na Tanzania. Mume wako awasubiri Rusumo, au kama pasipoti yake ni nzima, awafuate mpaka Kamembe. Kutoka Rusumo ni Kahama, Nzega, Singida, nyumbani. Wavuke mchana, na asubuhi ya siku hiyo mdogo wako aulize kama mpaka uko wazi.

Mkipotezana nao, au simu ya koko ikizima siku nyingi, nendeni Msalaba Mwekundu. Wana huduma ya kutafuta ndugu waliotenganishwa na vita, na ni bure. Atakayewaomba pesa kwa jina lao ni tapeli.

Sasa binti yako. Hili limenikaa kuliko yote uliyoandika.

Inawezekana amekasirika tu. Aliambiwa mtamfuata, akahesabu miezi, vita vikaja kabla yenu. Hiyo hasira ni halali, usimkemee wala usimwambie ashukuru. Mwambie wazi: "Tulisema tutakuja na hatujaja. Unayo haki ya kukasirika. Baba yako na mimi tunafuatilia karatasi zenu, nikipata jibu nitakwambia wewe kwanza." Usimtajie tarehe usiyoweza kuitimiza. Halafu mtumie ujumbe wa sauti hata asipojibu, umsimulie mambo madogo: nani umemsuka leo, upepo wa Dodoma ulivyopuliza vumbi dukani. Asikie kwamba kuna nyumba inayoendelea na yeye yumo.

Lakini inawezekana pia kuna jambo limempata. Msichana wa umri wake akinyamaza ghafla mahali penye askari, mama usilale. Usimhoji kwenye simu koko akiwa kando. Mwombe mdogo wako akae naye peke yao, amsuke kama ungemsuka wewe, asimlazimishe, amwambie tu kwamba lolote lililotokea si kosa lake. Akisema kitu, wasingoje safari. Hospitali ya Panzi iko Bukavu hapo hapo, ile aliyoianzisha Dk. Denis Mukwege mwaka 1999, aliyepewa Nobeli ya Amani 2018. Wamewatibu wanawake na wasichana wengi sana, mwili na moyo. Kama kuna tukio, wafike ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia Virusi vya Ukimwi haifanyi kazi baada ya hapo. Wakiwa wamechelewa bado waende.

Koko msimburute. Amezika watu pale na ana haki ya kubaki. Mume wako ndiye wa kuongea naye, ni mama yake, amwombe kitu kimoja: awaambie wajukuu kwa mdomo wake kwamba anawaruhusu waondoke. Bila hivyo watafika Dodoma wakidhani wamemtelekeza. Muendelee kumtumia ya matumizi kwa simu, na chumba chake kiwepo siku akibadili mawazo.

Mkishatoka Uhamiaji niandikie walichowaambia, na uniambie pia binti kama amesikiliza zile sauti.