Galaksi zikigongana, nyota huenda wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni nahodha wa mashua hapa Shela, Lamu. Mgeni mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya galaksi mbili, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, zinazogongana, akasema mwishowe huwa donge moja lisilo na mikono. Nyota zake hazivunjiki? Na ile mikono huenda wapi?

JIBU: Marahaba, nahodha. Nyota karibu hazigusani kabisa. Lichukulie Jua kuwa dafu dogo uliloliweka hapo gatini Shela. Nyota ya jirani ni dafu la pili, liko Mumbai. Yatagonganaje?

Kinachoharibika ni mpango. Galaksi yenye mikono, kama yetu, ni sahani: nyota zake karibu zote huzunguka upande mmoja. Mwaka mmoja nilikuja Maulidi kwa dada yangu Langoni, nikaona zefe mbili, yale maandamano ya Maulidi, zikikutana uchochoroni. Hakuna aliyeumia, ila safu zilikwisha. Mpiga tari wa zefe ile nikamwona nyuma ya bendera ya zefe hii, bado anapiga! Ndivyo galaksi zinavyopenyana. Mvutano hubadilika kila mara, nyota hii ikatupwa nje, ile ikavutwa ndani, hata mwishowe zikawa zinazunguka ovyo kama wadudu kwenye karabai. Hiyo ndiyo galaksi duaradufu. Mwanaastronomia Alar Toomre alilipendekeza jambo hili mwaka 1977, miaka 5 baada ya yeye na nduguye Juri kuonyesha kwa kompyuta jinsi migongano inavyochomoa mikia mirefu ya nyota.

Gesi iliyo kati ya nyota ndiyo inayogongana kweli. Huporomokea katikati, ikazaa nyota kwa pupa, ikapungua. Zikabaki nyota kongwe, za rangi ya manjano na nyekundu. Lakini gesi ikiwa nyingi sana, sahani huweza kujijenga upya, kwa hiyo si kila mgongano huzaa duaradufu. Na majitu kama M87, galaksi duaradufu kubwa mno, yalinenepa pia kwa kumeza galaksi ndogo ndogo.

Hapa sisi wa Malindi tuna la kujivunia. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, iliona eksirei (mionzi kama ile ya kupigia picha mifupa hospitalini) zikitoka kwenye makundi ya galaksi, likiwemo la M87. Zatoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi ya moto hivyo haizai nyota.

Yetu je? Andromeda, galaksi jirani yetu, yatujia kwa kilomita 110 hivi kwa sekunde. Hesabu za 2025 zinasema kuungana nayo ndani ya miaka bilioni 10 ni nusu kwa nusu. Novemba, usiku usio na mwezi, zima taa ya mashua utazame kaskazini: ni kile kidoa cha ukungu.